Dawa, Sumu na Adui wa Adui

Mkulima wa mboga ang'oapo mnyanya uliodumaa, mara nyingi huona jambo ambalo majani hayakumwambia. Huko juu, mmea umenyong'onyea adhuhuri kana kwamba umenyimwa maji, ilhali udongo ni mbichi. Huko chini, mizizi imejaa mafundo, makubwa kwa madogo, mithili ya uzi uliofungwafungwa na mtoto mchezoni. Mwenye kuyasababisha mafundo hayo haonekani. Ni kiumbe mdogo mno wa jamii ya nematodi, ambaye mabwana shamba humwita mnyoo fundo na wataalamu humwita Meloidogyne.

Mnyoo huyu ana namna yake ya kudhulumu. Hautafuni mzizi kama panya atafunavyo muhogo. Hupenya akali mchanga, akatua mahali pamoja, kisha akazishurutisha seli za mmea zivimbe na kumlisha maisha yake yote. Fundo, basi, halikujengwa na mnyoo. Limejengwa na mmea wenyewe kwa amri ya mgeni. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za mizizi ya mnyanya, lakini wangeliuona mfano huu wasingeukataa.

Mbele ya mzizi huo yapo maswali mawili. La kwanza ni: mkulima afanye nini? Swali hilo ni la mabwana shamba, na majibu yake yamo katika vitabu vyao. La pili ni: mkulima ana haki ya kufanya nini? Hili ni la kila mwenye kula na kila mwenye kunywa maji yapitayo chini ya shamba la mwenzake. Aghalabu watu hulijibu la kwanza kwa haraka, wakadhani la pili limekwisha jibiwa.

Lugha yenyewe imechangia haraka hiyo. Mkulima wa Kiswahili "hupiga dawa" shambani, hasemi kwamba anapiga sumu. Neno lilelile litumikalo kwa kijiko anyweshwacho mtoto mwenye homa ndilo litumikalo kwa kichupa chenye picha ya fuvu la kichwa. Si uongo kamili, kwani kila dawa huitwa kwa upande wa yule inayemfaa, na kinachomfaa mnyanya ni balaa kwa mnyoo. Tatizo liko kwa mtu wa tatu. Kichupa kinapomdhuru asiye mnyoo wala mnyanya, kwa mfano kibarua, au mtoto wake ambaye hajazaliwa, au jirani mwenye kisima, neno dawa huwa limekwisha kumfunika kabla hajapata kulalamika.

Kisa kimoja cha karne iliyopita chatosha kuwa ushahidi. Tangu miaka ya 1950 ilitumika dunia nzima kemikali ya kuua nematodi iliyojulikana kwa herufi DBCP. Mashamba makubwa ya migomba ya Amerika ya Kati yaliipokea kwa mikono miwili, na migomba ikanawiri. Mwaka 1961 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba kemikali hiyo ilizidhoofisha korodani za panya. Biashara haikusimama. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha California walianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe kwa nini wake zao hawashiki mimba. Walipopimwa, wengi wao walionekana kuwa na mbegu chache au hawana kabisa. Marekani iliizuia kemikali hiyo kwa matumizi karibu yote mwaka 1979, na mashamba ya mananasi ya Hawaii yakaachiwa hadi 1985. Lakini katika Costa Rica na nchi jirani zake maelfu ya vibarua wa migomba walikuwa wamekwisha kuivuta puani na kuigusa kwa mikono mitupu. Wengi wao hawakupata watoto tena, na kesi zao zilizunguka mahakamani kwa miongo kadhaa.

Kwa hesabu ya kitabu cha biashara, dawa ile ilifaulu, kwani mnyoo alipungua na ndizi ikafika sokoni ikiwa nzuri. Kosa lake halikuwa katika kazi iliyoahidi kuifanya. Lilikuwa katika mgawanyo: faida ilikwenda kwa mmoja na gharama ikaangukia mwingine ambaye hakuulizwa. Gesi ya methyl bromide, iliyotumika kufukiza udongo, ilirudia kosa hilo kwa upana zaidi, kwani ilikuwa ikiila tabaka la ozoni ambalo ni kivuli cha viumbe wote. Ndiyo maana Mkataba wa Montreal uliziwekea nchi tajiri kikomo cha mwaka 2005, na nchi zinazoendelea 2015, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu.

Kilimo hai kimejitokeza kama jibu la dhuluma hiyo. Jina lake la Kiswahili ni zuri kuliko majina yake mengi ya kigeni, maana halisemi tu kwamba kinakataa kemikali za viwandani, bali linadai kuwa ni kilimo chenye uhai. Hata hivyo jina zuri nalo laweza kufunika jambo, kama lilivyofunika neno dawa. Penye uhai pana kuliwa. Mkulima wa kilimo hai hakuacha kuua. Amebadilisha muuaji.

Na wauaji wenyewe ni hodari. Mwaka 1888 Mjerumani Friedrich Wilhelm Zopf alionyesha kwamba kuvu aitwaye Arthrobotrys oligospora huwanasa nematodi wakiwa hai. Kuvu huyu aweza kuishi kwa kula takataka zinazooza udongoni, lakini akihisi kwamba minyoo imekaribia, hufuma nyavu za kunata na kuitega. Wapo jamaa zake watengenezao vitanzi. Mnyoo apitapo ndani, kitanzi humbana kwa muda usiotimia sekunde 1, na kuvu akaanza kumla. Mwindaji mwingine ni bakteria aitwaye Pasteuria penetrans. Spora zake hujibandika katika ngozi ya mnyoo fundo akiwa njiani kuutafuta mzizi, kisha zikaota ndani yake. Mnyoo hafi upesi. Huendelea kuishi na kunenepa, ila badala ya mayai, mwili wake hujaa spora zinazoweza kufikia milioni 2, ambazo humwagika udongoni anapokufa na kusubiri mnyoo mwingine.

Hapa msomaji mwenye kumbukumbu atashtuka. Kemikali iliyokusudiwa kumuua mnyoo ilimfanya mwanamume tasa, na bakteria anayesifiwa kuwa ni salama humfanya mnyoo tasa. Utasa uleule uliokuwa msiba katika nyumba za vibarua unahesabiwa neema udongoni. Je, pana tofauti ya kimaadili, au ni tofauti ya nani anayelia kwa sauti ya kusikika?

Yupo atakayejibu kwamba mnyoo hana uchungu. Jibu hilo lina nguvu, lakini si nguvu yote. Nematodi mmoja asiye na madhara, Caenorhabditis elegans, amechunguzwa kuliko karibu mnyama mwingine yeyote. Neva zake 302 zilichorwa ramani mwaka 1986, na mwaka 1998 akawa mnyama wa kwanza ambaye maandishi yake yote ya urithi yalisomwa. Hukimbia joto kali na hukumbuka harufu iliyomletea madhara. Kukimbia si kulia, na ramani ya neva si ushahidi wa maumivu. Lakini kiumbe anayejitahidi kubaki hai si sawa na jiwe, na kumuua kunahitaji sababu hata kama sababu hiyo ni rahisi kupatikana. Mkulima anayo: familia yake itakula nini? Anachotakiwa asikifanye ni kudhani kwamba kwa kuwa sababu ipo, basi haina mpaka.

Mpaka wa kwanza ni wa jina. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa Marekani, Nathan Cobb, aliandika kwamba lau vitu vyote vya dunia vingetoweka wakabaki nematodi peke yao, milima, mito na bahari bado vingetambulikana kwa utando wao. Wamo kila mahali, na walio wengi hawana ugomvi na mkulima. Wengine hula bakteria na kuuachia udongo rutuba. Wengine, kama wa jamii ya Steinernema, huingia ndani ya funza waharibifu na kuwaua, na wakulima huwanunua kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu asemaye "udongo wangu una nematodi" hajataja ugonjwa. Ametaja udongo. Sumu iliyomwagwa kwa sababu ya jina la ukoo iliwafagia wenye hatia na wasio na hatia, na historia ya binadamu wenyewe inajua hukumu za namna hiyo huishia wapi. Ubora wa Pasteuria kimaadili haumo katika upole wake, kwa kuwa si mpole. Umo katika kumjua amtafutaye. Humshika mnyoo wa aina yake na kuwaacha wengine, na katika mwili wa mtu hana shughuli.

Lakini hoja ya adui wa adui haina budi kupimwa pia kwa makosa yake, na visiwani mtihani huo hauhitaji kitabu. Unaruka juu ya mapaa. Katika miaka ya 1890 kunguru wa India waliletwa Unguja ili wasafishe taka za mji. Walikuwa dawa iliyo hai, isiyo na harufu wala moshi, na mtu wa wakati ule angeweza kuisifu kwa maneno yaleyale yanayosifu kilimo hai leo. Kunguru walizila taka, kisha wakala mayai na makinda ya ndege wa kienyeji, wakawapokonya kuku vifaranga, wakavuka bahari na kuijaza pwani ya bara. Kila jitihada ya kuwapunguza kwa mitego na sumu imelazimika kuanzwa upya. Waaustralia nao waliingiza chura wa miwa mwaka 1935 ili ale wadudu wa mashamba ya Queensland. Wadudu walibaki, na chura akawa balaa jipya.

Kutokana na visa hivi yaonekana kwamba sumu na kiumbe hai hukosea kwa njia tofauti. Sumu ina kosa la kuwaangukia wasiohusika, ila yaweza kusimamishwa. Ukiacha kuimwaga, haizaliani. Kiumbe hai aweza kuwa safi leo, lakini akikosea harudishwi. Mwenye kumwachia kiumbe mgeni huru anaamua kwa niaba ya jirani, na ya mjukuu wa jirani, na hata ya ndege. Uamuzi wa namna hiyo haumhusu mwenye shamba peke yake, hata kama hati ya shamba imeandikwa jina lake.

Haifuati kwamba kila mgeni ni mbaya. Mwarobaini, unaowasaidia wakulima wengi kupambana na wadudu, asili yake si Afrika. Mgomba na mkarafuu nao ni wageni waliokwisha kuwa wenyeji. Mwaka 1981 nyigu mdogo kutoka Paraguay aliachiliwa Nigeria ili ampunguze mdudu mweupe kama unga, ambaye naye alitoka Amerika ya Kusini na alikuwa akiumaliza muhogo wa Afrika. Nyigu huyo alisambazwa katika nchi nyingi, muhogo ukapona, wala hakugeuka kunguru. Tofauti ni kwamba kabla hajaachiliwa alichunguzwa anakula nini, na ikathibitika kwamba uhai wake umefungamana na mdudu yule. Kunguru hula chochote. Mlinzi mwenye njaa isiyo na mpaka si mlinzi.

Wala si lazima mlinzi aletwe kutoka mbali. Katika miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza M. J. Way alichunguza minazi ya Zanzibar iliyokuwa ikipukutisha vidaka. Aliyekuwa akivifyonza ni mdudu ambaye leo jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, linamkumbuka mtafiti huyo. Lakini minazi iliyokaliwa na majimoto, wale chungu wekundu washonao majani kuwa nyumba, ilizaa vizuri. Majimoto hawakuletwa na mtu. Walikuwapo siku zote, wakilaaniwa na wakwezi kwa kuuma kwao, na pengine wakifukuzwa na chungu wa aina nyingine waliostawi chini ya mnazi. Kazi ya binadamu ilikuwa kutambua ni nani aliyekuwa akimsaidia bila kupokea shukrani.

Kwa upande wa nematodi, somo kama hilo lilipatikana Uingereza, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted. Kwenye mashamba yaliyopandwa nafaka mwaka baada ya mwaka, ilitarajiwa kwamba mnyoo aitwaye Heterodera avenae angezidi kuongezeka. Badala yake alipungua. Udongo ulipomwagiwa dawa ya kuua vijidudu, formalini, mnyoo akaongezeka tena. Ikabainika kwamba kuvu wa humohumo udongoni ndio waliokuwa wakimla mnyoo na mayai yake, na dawa ilikuwa imemwua mlinzi ikamwacha mwizi.

Kisa hicho kina jambo la kufikirisha zaidi. Kuvu wale waliongezeka kwa sababu mnyoo alikuwapo. Wasingepata chakula, wasingekuwa wengi. Mnyoo akimalizika, mlinzi naye hupungua, na mlango ukabaki wazi kwa mnyoo mwingine ajaye. Kwa hiyo udongo hauangamizi. Huzuia. Kati ya maneno hayo mawili pana umbali mkubwa wa kimaadili. Mwenye kuzuia hukubali kwamba mpinzani wake atakuwapo kesho, akatafuta namna ya kuishi naye kwa kiasi. Mwenye kuangamiza hutaka kesho isiyo na mpinzani, na kwa ajili ya kesho hiyo huwa tayari kulipa kwa mali ya mtu mwingine.

Ipo pia haki ya kusema kwamba mnyoo hakuja shambani kwa miguu yake. Mnyoo mchimbaji wa mizizi ya migomba, Radopholus similis, ambaye Cobb yuleyule alimweleza mwaka 1893 kutoka Fiji, alienea duniani ndani ya machipukizi yaliyobebwa na watu kutoka shamba hadi shamba. Mnyoo mwenyewe husogea kwa hatua ndogo sana. Binadamu ndiye chombo chake na nahodha wake. Basi kabla ya kumwita bakteria au kuvu aje kupigana, yupo mtu wa kukaguliwa kwanza. Chipukizi la mgomba lililomenywa mizizi na magamba yake, likachovywa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, huingia shambani bila abiria wengi. Jembe lililooshwa halibebi udongo wa jirani. Mambo haya hayana fahari, lakini ndiyo maadili katika umbo lake la kwanza, yaani kutomwambukiza mwenzako.

Baada ya hayo yote bado limebaki swali gumu kuliko yote. Na achukuliwe mkulima wa mfano: mama mwenye robo eka ya nyanya, mkopo wa mbegu mgongoni, na watoto wawili shuleni. Mizizi yake ina mafundo. Akimsikiliza mtetezi wa kilimo hai, ataambiwa abadilishe mazao, apande marejea, mmea ambao jina lake sikioni lina mwangwi wa kurejea, au maua ya jamii ya Tagetes, ambayo mizizi yao ina sumu ya asili dhidi ya minyoo. Ataambiwa arudishe samadi na kuwangojea kuvu na bakteria waongezeke. Ushauri huo ni wa kweli. Lakini Pasteuria huchukua misimu mingi kuenea udongoni, na marejea hayauzwi sokoni kwa bei ya nyanya. Wahenga walisema subira yavuta heri, ila hawakusema gharama za subira zinalipwa na nani.

Kumlaumu mama huyo kwa kukimbilia kichupa ni kurudia kosa la wenye mashamba ya Costa Rica kwa upande wa pili. Wao waliitupa gharama ya sumu juu ya kibarua. Msemaji wa maadili, akikaa kivulini, huitupa gharama ya usafi juu ya mkulima maskini. Pande zote mbili mlipaji ni yuleyule. Ikiwa maji ya kisima ni ya wote, na visiwani maji ya kunywa kwa sehemu kubwa hutoka chini ya ardhi, penye miamba ya matumbawe inayopitisha upesi kilichomwagwa juu, basi subira ya mkulima ni kazi anayowafanyia wote, na kazi hustahili ujira. Ujira huo waweza kuwa bei ya haki kwa mboga iliyolimwa bila sumu, mkopo unaosubiri msimu wa marejea upite, au bwana shamba anayefika kabla ya muuza vichupa. Bila hayo, kilimo hai kitabaki chakula cha wageni wa mahoteli na mahubiri kwa wenyeji.

Adui wa adui, kwa hiyo, si rafiki kwa sababu tu ya uadui wake. Huwa rafiki pale tu anapojua mpaka wake, pale anayemwita anapoweza kuwajibu majirani zake, na pale mzigo wa kumngojea haukuachwa juu ya bega moja. Sumu za karne iliyopita zilishindwa katika masharti yote matatu. Kunguru alishindwa katika mawili ya kwanza. Kuvu na bakteria wa udongoni wanayatimiza mawili hayo vizuri wakitunzwa palepale walipo. La tatu hawawezi kulitimiza, maana si kazi yao. Hilo ni la watu, nao ndio waliobeba mnyoo kutoka shamba hadi shamba.